Kukanda kwa Kibali Timbwani: Njia Tatu na Gharama Zake

Kijana wa Timbwani, Likoni, anayejua kukanda ana njia tatu za kula kwa mikono yake: aajiriwe hotelini, akodi kona ndani ya saluni ya mtu, au afungue chumba chake. Wengi hupigia hesabu kitanda, taulo na mafuta, karatasi wakaziacha nyuma. Kumbe kanjo, yaani askari wa kaunti, akibisha hodi haulizi mafuta, anauliza kibali.

Tuanze na vinavyohitajika kote. Cheti cha tabia njema huombwa kwenye eCitizen, na ada yake imekuwa shilingi 1,050. Baada ya hapo unachukuliwa alama za vidole; kwa watu wa Likoni kuna Huduma Centre ya Posta, Digo Road, ng'ambo ya feri. Feri haimtozi mwenda kwa miguu, basi kinachokutoka ni muda. PIN ya KRA ni bure. Mtu wa saiba ana haki ya ujira wa kukujazia fomu, lakini akikwambia kuna "ada ya PIN", mkatalie.

Kuajiriwa ndiyo njia nafuu. Kibali cha jengo ni mzigo wa mwajiri. Wewe unaleta vyeti vyako. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo udai. Aliyejifunza nyumbani, kwa somo aliyesinga maharusi au mama aliyekanda wazazi siku za arobaini, ana ujuzi wa kweli, na aulize NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuhusu mtihani wa ufundi kabla ya kulipa karo ya chuo. Ukichagua chuo, hakikisha kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi.

Chumba chako mwenyewe ndicho chenye mlolongo. Tangu Katiba ya 2010, leseni za biashara ni kazi ya kaunti, na ada hupangwa na sheria ya fedha ya kaunti kwa aina na ukubwa wa biashara. Bwana afya atataka kuona maji, choo, hewa, na namna unavyofua mashuka kati ya mteja na mteja. Kuna ukaguzi wa moto. Ubao wa nje una ada yake. Hata muziki unaowapigia wateja unahitaji leseni ya haki za wanamuziki. Hilo huwashangaza wengi. Unaweza kuokoa kidogo: ukifanya biashara kwa jina lako halisi, bila kuongeza neno, sheria haikulazimishi kusajili jina la biashara.

Maneno ya ubao nayo yana uzito. Ukiandika kwamba unatibu mgongo au kiharusi, umeingia uwanja wa Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014, ambayo humtaka mtu awe amesajiliwa na baraza lao. Andika masaji, na uishie hapo. Pia kazi hii imechafuliwa na vyumba vinavyojificha nyuma ya jina lake, na vifungu vya 155 na 156 vya Kanuni ya Adhabu vinawalenga wenye nyumba za ukahaba. Inauma kuona mkandaji mwaminifu akitazamwa kwa jicho hilo. Kibali ukutani na risiti mkononi vinamtofautisha.

Kibali hicho hakivuki mpaka wa kaunti. Ukimfuata mtalii Diani uko Kaunti ya Kwale, na cha Mombasa hakikusaidii.

Baina ya kuajiriwa na chumba chako iko kona ya saluni. Unalipa kodi ndogo na kutumia jengo lililokwisha kukaguliwa. Hatari yake ni moja: kibali cha mwenye saluni huandikwa shughuli anayofanya. Kikisema kusuka nywele tu, wewe hujakingwa, hata kama kodi umelipa.

Kwa anayeanza bila akiba, mimi nachagua kona ya saluni kwa mwaka wa kwanza, huku akijenga wateja. Chumba kifungue Januari, kwa kuwa vibali vya kaunti kwa desturi huisha tarehe 31 Desemba, na anayelipa Oktoba hununua miezi michache. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti pekee, si mkononi mwa mtu. Na kabla hujatoa kodi ya kwanza, mwombe mwenye saluni akuonyeshe kibali, ukisome mpaka mwisho.