Ritifaa ya Chang'ombe si kosa

Kata ya Chang'ombe imo ndani ya Jiji la Dodoma. Ng'hong'onha iko jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na ukishuka Mpwapwa utaikuta Ng'hambi. Anayetengeneza mfumo wa kusajili wakulima, wanafunzi au wagonjwa katika nchi hii ya Wagogo atakutana na ritifaa, yaani alama hii ('), siku ya kwanza, naye asipojiandaa, mfumo utagoma.

Sababu ni kwamba kitufe kile kile cha kibodi kina kazi mbili. Kwetu ni sehemu ya jina. Kwa lugha nyingi za programu ni alama ya kufungua na kufunga maandishi. Tazama amri hii ya SQL ya kutafuta kata kwenye kanzidata:

SELECT * FROM kata WHERE jina = 'Chang'ombe'

Kompyuta inakuta alama ya kufungua, inapokea Chang, kisha inakuta ritifaa na kuamua kwamba jina limeisha. Mbele kuna ombe, neno isilolijua, halafu alama inayofungua maandishi yasiyofungwa popote. Amri inakataliwa. Ng'hong'onha ina hila zaidi: alama zote nne zinapatana, kila iliyofunguliwa imefungwa, lakini hong imebaki ikining'inia nje.

Wengi hukimbilia kuifuta ritifaa. Hilo silikubali hata kidogo. Kiswahili hutofautisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, na mtu ambaye kitambulisho chake kina ritifaa huku mfumo wa zahanati hauna, kwa kompyuta ni watu wawili.

Dawa zipo. Katika SQL ritifaa huandikwa mara mbili: 'Chang''ombe'. Katika Python na JavaScript unaweza kuzungushia jina alama mbilimbili, "Chang'ombe", au kutanguliza mkwaju wa kinyume: 'Chang\'ombe'. Mkwaju huo nao una mitego yake. Andika njia ya faili "C:\taarifa\nyaraka" katika Python, na \t itageuka nafasi ya tabo, \n itageuka mstari mpya. Faili halitaonekana, na utabaki unaangalia aarifa na yaraka. Andika mikwaju miwili miwili, au weka herufi r kabla ya alama ya kufungua.

Hata hivyo, kwa kanzidata usitegemee kurudufisha alama kwa mkono. Tenganisha amri na data, kwa mfano katika Python:

cur.execute("SELECT * FROM kata WHERE jina = ?", (jina,))

Alama ya kuuliza inashika nafasi, jina linapita njia yake, na hakuna herufi ndani yake inayoweza kugeuka amri. Hapa ndipo penye usalama wa mfumo mzima. Pale jina linapounganishwa moja kwa moja na amri, mtu mwenye nia mbaya akijaza ' OR '1'='1 kwenye kisanduku cha kutafutia, sharti linakuwa kweli kwa kila safu na rekodi zote zinamwagika mbele yake. Mlango uliomkwamisha mkazi wa Chang'ombe ndio huo huo anaopitia mwizi.

Kuna tatizo jingine lisilotoa onyo lolote. Word na baadhi ya simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Katika Unikodi ya kwanza ni U+0027, ya pili U+2019. Karani akiingiza Chang’ombe na mwenzake akatafuta Chang'ombe, jibu linaweza kuwa hakuna. Chagueni umbo moja, na mfumo uyageuze mengine yote pale data inapoingia, kabla ya kuhifadhi.

Ndugu watengenezaji wa mifumo, kabla hamjakabidhi kazi, jaribuni kusajili mkazi wa Ng'hong'onha, kumtafuta, kumhariri na kuchapa cheti chake. Nanyi mnaopokea mifumo hiyo maofisini, mwananchi akiambiwa jina lake lina kosa, msimwombe alibadilishe. Rudisheni mfumo kwa fundi.