Moto wa Kambi Katika Mchezo wa Minecraft

Mara nyingi mnatuuliza: kwa nini nyumba ya mbao katika Minecraft huungua ghafla? Sababu ni aina ya moto. Moto uliowashwa kwa jiwe na chuma, pamoja na lava, hurukia mbao zilizo karibu. Moto wa kambi, ulioongezwa mwaka 2019, hausambai. Hutengenezwa kwa vijiti 3, kipande 1 cha mkaa na magogo 3, na hupika vyakula 4 kwa sekunde 30. Usiukanyage, utaumia. Ukimaliza, uzime kwa maji au beleshi.

Lakini tusidanganyike. Cheche ya jikoni kwetu husambaa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuzima moto kabla ya kulala. Mchezoni nyumba hujengwa tena. Roho ikitoka hairudi.