Viroboto: Anza na Sakafu, Siyo Sumu

Hapa kwetu Mwese mbwa ni mlinzi wa shamba, na paka ni adui wa panya. Usiku wa baridi wote wawili huingia ndani kulala karibu na watoto. Asubuhi mtoto anaamka na vipele vinavyowasha miguuni na kiunoni. Mama anagundua kuwa ni viroboto, na macho yake yanakwenda kwenye chupa ya dawa ya kupulizia pamba au tumbaku.

Mama mwenzangu, iache chupa hiyo. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewahi kumpokea mtoto aliyekuwa amemkumbatia mbwa aliyepakwa dawa ya shamba. Mate yalimtoka mfululizo, jasho lilimtiririka, mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, na alipumua kwa shida. Kwa neema ya Mungu alipona. Dawa nyingi za aina hiyo hupenya kwenye ngozi. Ikitokea hivyo, mvue mtoto nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usimtapishe, na mkimbize kituo cha afya. Chukua na chupa yenyewe, mganga aione.

Tena, kumpaka mbwa peke yake hakumalizi viroboto. Wale unaowaona kwenye manyoya ni wachache tu. Jike mmoja aweza kutaga mayai kama 40 kwa siku, nayo huanguka popote mnyama anapolala. Ndani ya nyufa na vumbi hutoka vijidudu vyeupe mfano wa minyoo, ambavyo hujifunga katika vifuko na kungoja, hata kwa miezi. Ndiyo maana ukirudi safari na kufungua nyumba iliyofungwa, viroboto hukurukia: wamesikia joto na kishindo chako.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Fagia kila siku, hasa pembeni na chini ya vitanda. Takataka zichomwe au zifukiwe mbali na nyumba.

2. Ziba nyufa, na sakafu ya udongo uisiribe upya.

3. Gunia analolalia mnyama lichemshe kila wiki. Matandiko yafue na kuyaanika juani.

4. Mwogeshe mbwa kwa sabuni, kisha mchane kwa kitana, ukizamisha viroboto katika maji ya sabuni.

5. Dawa ya mnyama mwulize bwana mifugo. Dawa ya mbwa usimpake paka, kwani nyingine humwua.

Endelea hivyo kwa mwezi mzima na zaidi, maana walio kwenye vifuko hutoka kidogo kidogo. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza na wanyama, kwa sababu mtoto akimeza kiroboto aweza kupata minyoo ya tegu.

Panya nao wana viroboto vyao, na hivyo ndivyo hubeba tauni. Ugonjwa huo ulizuka Lushoto mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Mkiona panya wanakufa ovyo, msiwashike. Toeni taarifa zahanati.

Mithali 12:10 inahesabu kumjali mnyama kuwa tabia ya mwenye haki. Basi tumtunze mlinzi wetu, naye asituletee kilio. Fagio lako, mama, lina kazi kubwa kuliko sumu.