Mwenye sikoseli kazini: Wenzake wanaposema ‘anadekezwa’

Akiomba kuhamishwa meza akae mbali na kiyoyozi, anaambiwa anajifanya. Akienda chooni mara ya nne kabla ya saa sita mchana, kuna anayeangalia saa. Akilazwa Jumatano wakati Jumanne alikuwa akicheka na wenzake kantini, ofisi nzima inaulizana, “Mbona jana alikuwa mzima?”

Ndiyo hali wanayokutana nayo watu wengi wenye sikoseli, au selimundu kama wataalamu wanavyouita ugonjwa huu, wanapoingia kwenye ajira. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka hapa Tanzania. Zamani wengi hawakufika hata umri wa kwenda shule. Leo, kwa kugundulika mapema, chanjo, penisilini ya utotoni na dawa ya haidroksiyurea, wapo wanaomaliza vyuo na kuajiriwa. Mzazi aliyezoea kukesha wodini sasa ana swali jingine: huko kazini watampokeaje?

Kwanza tuyaeleze yale wenzake wanayoyaona bila kuyaelewa. Seli nyekundu za damu za mgonjwa huyu hupinda mithili ya mundu, zikanasa kwenye mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Hapo ndipo maumivu makali huanza, na yanaweza kuanza ghafla. Baridi huifanya mishipa hiyo isinyae, kwa hiyo kiyoyozi kwake si suala la kudeka. Mwili ukipungukiwa maji, seli hupinda zaidi, ndiyo maana chupa ya maji haimtoki mkononi. Na kwa kuwa ugonjwa hudhoofisha uwezo wa figo kubakiza maji mwilini, mkojo hutoka mwingi hata siku ambayo hakunywa sana. Macho ya manjano nayo yanatokana na seli hizo kuvunjika haraka. Hayamwambukizi mtu, wala si ya ulevi, hata kama watu wa ofisini wana maneno yao.

Lakini tusiharakishe kumlaumu anayenung’unika. Kwenye zamu ya watu wanne, mmoja akilazwa wiki nzima, watatu wanabeba kazi yake bila nyongeza wala asante. Meneja amesaini likizo ya ugonjwa, amefunga faili, basi. Kwa maoni yangu, chuki nyingi huanzia hapo, kwenye mpangilio wa kazi, kabla hata ya ugonjwa wenyewe. Kampuni inabandika ukutani tangazo kwamba haimbagui mtu, lakini haikukaa kupanga nani ashike zamu. Nafuu aliyopewa mgonjwa inageuka mzigo wa jirani yake. Ni vivyo hivyo kwa mama anayenyonyesha: sheria inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto, ila foleni ya dirisha lake ikihamishiwa kwa mwenzake kila siku, mwenzake ataanza kuhesabu dakika. Panapokuwa na mtu wa akiba anayejulikana mapema, na zamu ya ziada ikalipwa au ikarudishwa siku nyingine, manung’uniko hukosa pa kushika.

Manung’uniko hayo yana gharama ya kiafya. Mgonjwa akiona anasemwa, anajificha. Anapunguza maji ili asionekane chooni. Anaruka kliniki kwa sababu imeangukia siku ya kazi. Anameza diklofenaki za duka la dawa kimyakimya, ilhali figo zake tayari zina mzigo. Baya kuliko yote, anakwenda kazini na homa. Kwa mwenye sikoseli, homa ya nyuzi 38 na zaidi ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Sharti ni cheti cha daktari, ile ED, kwa hiyo usiondoke hospitali bila karatasi hiyo. Sheria hiyo inakataza pia ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sikoseli haikutajwa kwa jina. Ukiachishwa kazi isivyo haki, malalamiko yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukisubiri hasira ipoe, muda unakwisha.

Je, uwaambie wote? Hapana, huo ni uamuzi wako. Mweleze msimamizi, ukianza na mahitaji: maji, choo, meza isiyopigwa na kiyoyozi, siku ya kliniki. Barua ya daktari inayoyataja hayo husaidia kuliko maelezo marefu ya ugonjwa. Siku ukiwa na nguvu, mshikie zamu yule aliyekushikia, watu hukumbuka.

Wazazi, maandalizi ya haya huanza nyumbani. Mtoto aliyefundishwa kuficha dawa zake bwenini atazificha ofisini. Akifika sekondari, mwache aende mwenyewe kwa matroni au mwalimu aeleze anachohitaji, wewe ukae pembeni. Mkichagua fani, angalieni kazi yenyewe ilivyo: ghala la vyakula vilivyogandishwa au kubeba mizigo juani havimfai, lakini uhasibu, ualimu, maabara na kazi nyingine nyingi anaziweza.

Na hata asipowaambia wengine, anayekaa naye jirani ajue namba ya simu ya ndugu, hospitali anakotibiwa, na jambo hili moja: akilalamika kifua kinauma na pumzi inabana, asisubiri zamu iishe. Itafutwe gari saa hiyohiyo.