Atakaye Kuwa Tabibu wa Wanyama Aanze Wapi?

Kijana wa pwani asemapo ataka kusomea udaktari, wazee hufurahi. Asemapo ni udaktari wa wanyama, baadhi yao hukunja uso. Husahau kuwa elimu hii ina heshima yake ya kale. Yule mwanachuoni mkubwa wa mitishamba wa Andalusi, aliyefariki Damascus mwaka 1248, hata leo ajulikana kwa jina la Ibn al-Baytar, yaani mwana wa tabibu wa wanyama. Na Lamu, ambako punda ndiye gari na ndiye hamali, tangu mwaka 1987 pana zahanati ya punda. Nani atakayesema kazi hiyo ni duni?

Basi tuseme kijana amekwisha kata shauri, na jamaa zake walioko Marekani wamemwita akasome huko. Hapo ndipo pa kutulia, ndugu msomaji, kwani mambo ya huko si kama ya hapa. Kwetu, mwanafunzi aliyefuzu sekondari huweza kuingia moja kwa moja Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, akasoma miaka mitano akatoka daktari. Marekani ni ngazi mbili. Kwanza husoma chuo cha shahada ya kwanza, aghalabu miaka minne. Kisha huomba nafasi upya katika skuli ya udaktari wa wanyama, na humo akasoma minne mingine. Ngazi ya kwanza haimpi ahadi ya kupanda ya pili.

Vyuo vingi hutangaza "matayarisho ya udaktari wa wanyama". Jina hilo lisimlevye mtu. Mara nyingi si shahada, bali ni orodha ya masomo na mshauri wa kumwongoza mwanafunzi. Skuli za juu humpokea mwenye shahada ya biolojia, ya kilimo, au hata ya historia, mradi awe amefuzu masomo yatakiwayo: biolojia, kemia, fizikia, takwimu na mengineyo. Na orodha ya skuli hii si sawa na ya skuli ile.

Kwa hivyo shauri letu ni hili: aanze juu, kisha ashuke chini. Achague kwanza skuli tatu au nne za udaktari, atazame zataka nini, ndipo atafute chuo kitakachompa hayo. Tena aulize mapema kama zapokea wageni. Nyingi ni za majimbo, nazo hupendelea wenyeji wao. Baadhi hazipokei mgeni kabisa.

La pili ni mali, na mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali ya Marekani huwakopesha raia wake karo, lakini kijana aliyekwenda kwa viza ya masomo hapati mkopo huo. Mzigo huwa wa jamaa. Shamba la minazi likiuzwa ili alipiwe chuo chenye jina kubwa, ngazi ya pili italipwa na nini? Chuo cha gharama nafuu, ambamo atapata alama nzuri na walimu watakaomjua kwa jina, chatosha. Hata kile cha miaka miwili chafaa kwa kuanzia, iwapo skuli aitakayo hukubali masomo yake.

La tatu ni wanyama wenyewe. Skuli hutaka kuona kijana amekwisha fanya kazi nao, tena mbele ya daktari atakayemwandikia barua. Kwa hivyo chuo kilicho karibu na mazizi kina faida. Vyuo vingi vya majimbo vilivyotokana na sheria ya mwaka 1862 vina mashamba yao ya mifugo. Tuskegee, huko Alabama, ina chuo na skuli ya udaktari wa wanyama pamoja, na skuli hiyo, iliyoanza mwaka 1945, ndiyo iliyowafunza wengi wa madaktari weusi wa wanyama wa Marekani.

Mzazi atauliza: na mbwa na nguruwe, je? Kweli, atawagusa. Sisi Mashafii twaijua najisi yao, na josho lake pia twalijua: mara saba, moja kwa udongo. Penye shaka waulizwe wanazuoni, lakini waulizwe kabla ya safari.

Na kabla ya kukata tikiti, Kabete nayo iulizwe. Wahenga walinena, bura yangu sibadili na rehani. Akisoma kokote, arudipo itambidi aandikishwe na bodi ya madaktari wa mifugo ya Kenya ndipo atibu. Ng'ombe aliyelala zizini hatamuuliza cheti chake chatoka chuo gani. Atataka ainuke tu.