East Potomac: uwanja wa upepo na wa kudai haki

Mjini Washington, kando ya mto Potomac, uko uwanja wa gofu wa umma wa East Potomac, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ardhi yake ni tambarare, mfano wa viwanja vya pwani ya Uskochi. Upepo ukivuma, mpira uliopigwa juu hupeperushwa, na mchezaji hodari huupiga chini chini.

Kwa Wamarekani weusi, ugumu ulikuwa kuruhusiwa kucheza. Wanawake wa klabu ya Wake-Robin, iliyoundwa 1937, walimwandikia Harold Ickes, waziri aliyesimamia viwanja hivyo. Mwaka 1939 walifunguliwa Langston, wenye mashimo tisa tu. Mwaka 1941 wanaume watatu weusi walicheza East Potomac wakilindwa na polisi, huku wakizomewa. Ickes akaamuru viwanja vyote vya umma mjini humo viwe wazi kwa kila mtu.