Saida Karoli na ‘Salome’: Wimbo ukivuma upya, msanii anabaki na nini?

Harusini Bukoba au Muleba, DJ akigusa tu “Maria Salome”, hata aliyeshika sahani anainuka.

Wimbo huo ulitoka 2001. Saida Karoli, binti wa Kihaya aliyekulia Bukoba, hakuiga sauti ya mjini. Alichukua ngoma za kwao, akachanganya Kihaya na Kiswahili, na watu wasiojua hata neno moja la Kihaya wakacheza.

Kisha miaka ikapita, akawa hasikiki sana. Septemba 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa “Salome”, wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida. Vijana waliokuwa watoto 2001 wakaanza kuuliza: kumbe wa kwanza ni nani? Mwaka 2017 naye akarudi na “Orugambo”, neno la Kihaya linalogusa maneno ya watu.

Kipaji ni chako, wimbo je?

Hapa ndipo wasanii wengi wanapigwa chenga. Kuwa maarufu kwa wimbo si sawa na kuumiliki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagawa haki za mtunzi mafungu mawili:

• Haki ya kiuchumi: kunakili, kuuza, kuruhusu wengine waurudie. Hii unaweza kumpa mtu mwingine kwa mkataba wa maandishi. Ukishasaini, pesa zinaweza kwenda kwake.

• Haki ya kimaadili: kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi. Hii hubaki kwako ukiwa hai.

Mwigizaji naye hajaachwa. Neno “hakishiriki” linahusu watu kama yeye, wanaoipa kazi uhai kwa sauti na mwili.

Ufanye nini?

Kama uko Muleba unarekodi klipu kwa simu, kazi yako inalindwa tangu unapoitengeneza. Hata hivyo, isajili COSOTA upate ushahidi siku ya ubishi.

Ukiletewa mkataba, usisaini siku hiyohiyo. Uliza mambo matatu: natoa haki gani, kwa miaka mingapi, na wimbo ukirudiwa nalipwa vipi?

Saida alichota utamu nyumbani, na ndiyo maana miaka 15 baadaye bado ulikuwa mtamu. Hazina hiyo wewe pia unayo. Isikutoke kwa saini moja.